Keria ya Sato na Abiria

Bodaboda nyingi za Mwanza ni za namna moja: Boxer au TVS, injini ya 125 au 150, siti ndefu ya watu wawili, shokapu mbili nyuma, na kikeria cha chuma kinachotosha mfuko wa unga. Kwa safari ya kutoka kituoni hadi nyumbani, inatosha. Lakini mwenye pikipiki hiyo huenda ni kijana anayeamkia Igombe alfajiri kuchukua sato kwa wavuvi, awafikishie mama lishe wa Kirumba na Pasiansi kabla barafu haijayeyuka, kisha kuanzia saa tatu asubuhi abebe abiria mpaka usiku. Mvua ikinyesha anataka koti lake liwe kavu. Akipata pancha anataka spana ziwe karibu. Bima na nakala ya leseni zisiloe. Kule India zinakoundwa pikipiki hizi hakuna aliyeketi akawaza yote hayo kwa pamoja, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Anayewaza hayo ni fundi wa kuchomelea. Mwanza wamejaa, kuanzia Mkuyuni hadi Igoma, na wengi wako Nyakato, jirani na SIDO na chuo cha VETA. Karakana ya fundi ninayemwandika hapa ni paa la bati juu ya nguzo nne, meza ya chuma kizito, jiliwa iliyofungwa kwenye kisiki, mashine ya kuchomelea, grenda, na mabomba yaliyopangwa kwa unene wake. Geti na madirisha humpa kula. Keria za pikipiki humpa sifa, maana kila inayotoka pale huzunguka mji mzima ikionekana.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, baba. Mzigo uko wapi?”

Kijana, mmoja wa hao wanaobeba sato alfajiri, hakuja na mzigo. Alikuja na picha kwenye simu, keria pana aliyoiona kwenye pikipiki ya mwenzake. Fundi aliitazama picha kwa heshima zote, akairudisha. Akamwambia aende akalete kreti lile lile analobebea samaki. Bila kreti hataanza. Keria ya kwenye picha ilikuwa ya magunia ya dagaa, na gunia la dagaa wakavu ni kubwa kwa umbo lakini jepesi: linataka upana, na linavumilia kukaa nyuma kabisa. Sato wenye barafu ni kinyume chake. Ni mzigo mdogo, mzito, unaovuja.

Kreti lilipofika, likajazwa mawe mpaka uzito ukakaribia kilo 60. Fundi akaliweka juu ya keria ya kiwandani, akamkalisha kijana kwenye siti, akashika usukani na kuutikisa kushoto na kulia. Ulikuwa mwepesi mno. Hesabu yake iko wazi hata kwa asiye fundi. Katika pikipiki yenye takriban mita 1.3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kreti la kilo 60 likikaa sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma hulipunguzia gurudumu la mbele zaidi ya kilo 18. Kwenye barabara tambarare dereva ataona usukani unacheza. Akipanda Bugarika au Mabatini, kwenye zile barabara za mawe zinazokwea mlima, gurudumu la mbele litaanza kunyanyuka.

Akalisogeza kreti mbele hadi likakaa juu ya siti, mahali pa abiria. Akautikisa usukani tena. Akachukua chaki, akapiga mstari kwenye siti, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Mstari huo ndio uliotawala kazi yote iliyofuata.

Lakini hapo ndipo anapokaa abiria. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba watu kwa leseni, siti ya nyuma ndiyo mshahara wa dereva. Haiwezi kufunikwa kwa chuma siku nzima. Fundi alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono, akaitazama pikipiki kwa muda mrefu bila kugusa chochote. Kijana anayejifunza kazi kwake alikuwa ameshawasha grenda. Akaonyeshwa kwa mkono aizime. Nimeona mafundi wengi wakianza kwa kukata. Huyu alianza kwa kukaa, na kila nilichokiona baadaye kilitoka kwenye kile kigoda.

Jibu lake lilikuwa keria ya sehemu mbili. Ya kwanza inabaki kwenye pikipiki daima: keria fupi nyuma ya siti, ambayo abiria ataishika, na vikombe vinne vya bomba vinavyosimama wima, viwili kila upande. Ya pili ni meza ya kreti yenye miguu minne. Alfajiri miguu inaingia vikombeni, meza inasimama juu ya siti bila kuigusa, na uzito unashuka moja kwa moja kwenye fremu. Saa tatu meza inachomolewa, inabaki kwa mama lishe au nyumbani, na abiria anakaa.

Kuna wakati kiwanda nacho huanza na mzigo. Honda Super Cub ya mwaka 1958 iliundwa kwa kumfikiria mchukuzi wa vyakula wa mijini Japani, ambaye mkono mmoja umeshika sinia. Ndiyo maana haikuwekewa klachi ya mkono. Hapa Nyakato kipimo kilikuwa kreti moja la plastiki, na fundi alilipima urefu, upana na kimo, kisha akapima tena kwa chini, kwa kuwa makreti hutanuka juu na kubana chini.

Akachora kwenye karatasi ngumu ya boksi, akakata, akaipachika kwenye pikipiki. Akamkalisha mwanafunzi wake sehemu ya abiria aone kisigino chake kinagonga wapi. Upande wa kulia kuna bomba la moshi, na joto lake ni kali. Hapo hapakuwekwa chochote cha kuhifadhia. Upande wa kushoto, juu ya cheni, palibaki nafasi ya sanduku jembamba la koti la mvua na spana. Kisigino cha mwanafunzi kilipoligusa lile boksi la karatasi, fundi alikata sentimita mbili, akamwambia akae tena.

Ndipo chuma kikatolewa. Vikombe vya inchi moja, miguu myembamba kidogo inayoingia ndani yake, ukuta wa bomba milimita 1.5. Alikataa kipande kimoja kizuri chenye kung'aa kwa sababu kilikuwa kimepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomwachia fundi homa usiku. Bomba jeusi ndilo alilolitaka, akalifuta mafuta kwa tambara, akalizungusha mezani kuona kama limenyooka.

Kukunja bomba ni kazi inayofichua papara. Bomba tupu likikunjwa hujibonyeza kwenye kona na kupoteza nguvu pale pale inapohitajika. Fundi huyu hulijaza mchanga. Ni mchanga wa ziwani, alioutandaza kwenye bati juani mpaka ukakauka kabisa, maana ukiwa na unyevu hujishikiza juu na kuacha mapengo chini. Anaumimina kidogo kidogo huku akiligonga bomba kwa mpini wa nyundo ushuke, anamimina tena, anagonga tena, kisha anaziba ncha mbili kwa vizibo vya mti alivyochonga mwenyewe. Bomba linaingizwa katikati ya vishikio viwili vizito vilivyochomelewa kwenye meza, na anavuta polepole, kwa uzito wa mwili, bila kushtua. Anasimama, anapima na karatasi yake, anavuta tena kidogo. Kona iliyotoka ilikuwa ya mviringo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila mkunjo upande wa ndani. Akaumwaga mchanga kwenye ndoo kwa matumizi mengine.

Pale bomba linapokutana na bomba, ncha haikatwi wima. Hutobolewa mdomo unaolikumbatia bomba jingine. Grenda huanza, tupa humaliza. Aliipeleka tupa kwa mapigo marefu ya kwenda tu, akiinyanyua wakati wa kurudi, kisha akayashikanisha mabomba mawili na kuyainua usawa wa mwanga. Palipopenya mwanga, alirudi kwenye tupa. Mwanafunzi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mafundi wengine huliziba pengo kama hilo kwa kulijaza chuma cha kuchomelea, na kwa macho huwezi kulitambua. Lakini kiungo kilichojazwa ndicho kinachokatika Igombe, kreti likiwa limejaa.

Sasa tukafika mahali penye ugumu wa kweli. Vikombe vinne, miguu minne: vyote lazima vibaki sambamba baada ya kuchomelewa. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujivuta kuelekea upande uliochomwa. Kikombe kikiinama kwa upana wa sarafu, mguu hautaingia, au utaingia kwa nyundo na kutoka kwa matusi. Alichofanya fundi ni kuzungushia kila mguu karatasi ya mfuko wa saruji, mkunjo mmoja tu, kisha akaiingiza miguu ndani ya vikombe. Karatasi ile ndiyo nafasi ya kupumua. Meza ya kreti ikawa ndiyo kiolezo chenyewe: imevishika vikombe vyote vinne mahali pake wakati vinashikizwa.

Kabla ya kuleta moto karibu na pikipiki alichomoa waya za betri. Waya wa ardhi wa mashine akaubana kwenye bomba lile lile atakalochoma, sentimita chache kutoka kwenye kiungo. Ukibanwa kwenye gurudumu kwa uvivu, umeme hupita ndani ya bearingi na kuacha vidoa vya kuungua kwenye gololi zake, na baada ya wiki chache gurudumu huanza kunguruma bila mtu kujua chanzo. Kwenye pikipiki alishikiza tu, nukta moja moja, zenye ukubwa wa punje ya mtama. Kisha akafungua bolti na kukitoa kitu kizima hadi mezani.

Alipoanza kuchomelea kwa dhati, alitumia vijiti vya milimita 2.5 na kuupunguza moto wa mashine, kwa sababu bomba lenye ukuta mwembamba hutoboka haraka. Alichoma urefu wa kidole gumba kwenye kikombe cha mbele kushoto, akaacha. Akahamia nyuma kulia, urefu ule ule, akaacha. Mbele kulia. Nyuma kushoto. Halafu akaketi. Hakumwagia maji, na hakupuliza. Alipoweza kuuweka mgongo wa mkono karibu na chuma bila kuurudisha, alinyanyuka na kuendelea pale alipoachia. Mteja alitazama simu yake, akatazama barabara, akanunua karanga. Umeme ulikatika katikati ya mzunguko wa tatu. Fundi alichukua nyundo ndogo yenye ncha, akautumia muda huo kugonga magamba yaliyofunika michomo na kusugua kwa brashi ya waya. Chini ya magamba mchomo ulionekana: mawimbi madogo, yanayolingana, yanayofuatana kwa karibu kama ushono wa ukili kwenye mkeka. Sehemu moja ilikuwa na kitundu cha kuingia kichwa cha sindano. Aliizungushia chaki. Umeme uliporudi aliisaga mpaka chini na kuichoma upya, ingawa ilikuwa upande wa ndani ambao hata mwenye pikipiki hatauona.

Alipomaliza alishika meza kwa mikono miwili na kuivuta juu. Miguu yote minne ilitoka kwa pamoja, karatasi za saruji zikatoka zimebabuka kingo. Akairudisha. Ikashuka kwa uzito wake yenyewe, ikatulia. Akaitoa tena, akaigeuza mbele nyuma, akaishusha. Ikaingia pia. Hilo la pili hakuombwa, wala halina kazi yoyote alfajiri. Nadhani alitaka kujua tu.

Juu ya meza aliweka bati la milimita moja lililokunjwa ukingo pande zote, ili maji ya barafu yasimwagike hovyo. Hapa napo palikuwa na mawazo kuliko chuma. Kulia kwa gurudumu la nyuma kuna breki ya ngoma, kushoto kuna cheni. Maji yenye utelezi wa samaki hayatakiwi kufika kwenye yoyote kati ya hizo. Alilipa bati mwinamo mdogo kuelekea nyuma katikati, akatoboa tundu, akapachika mpira mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya madigadi, kwa hiyo tone huangukia barabarani likiwa limeshaachana na tairi. Mwinamo aliupima kwa kikombe cha maji. Yalikimbilia tundu bila kubaki hata kwenye kona.

Sanduku la kushoto halikuchomelewa isipokuwa kwenye vishikio. Bati jembamba likichomwa hujikunja na kutoboka, hivyo alilikunja kingo juu ya kingo, akalipiga kwa nyundo ya mti, akalifunga kwa ribiti. Kifuniko kilipewa ukingo unaovuka ukuta wa sanduku, na ndani ya ukingo huo akagandisha utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya pikipiki. Bawaba alizifunga upande wa mbele. Nilipouliza kwa nini, alinijibu kwa kukipiga kifuniko kofi la upepo kwa kiganja: mwendo ukiwa mkali, upepo unakisukuma kijifunge, hata kama dereva amesahau komeo.

Rangi aliipaka siku ambayo hakuna aliyekuwa akisaga chuma jirani, vumbi lisitue. Msasa kwanza, kisha tambara lenye petroli kuondoa mafuta ya vidole, kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikaachwa ikauke kabisa, ndipo ikaja nyeusi. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu wa kila alfajiri unatosha kuila keria isiyopakwa. Ndani ya vikombe, ambako brashi haifiki, alimimina rangi, akakizungusha kikombe, akaimwaga iliyozidi.

Kufunga kulikuwa kwepesi, kwa sababu hakutoboa fremu hata mahali pamoja. Alitumia matundu ya bolti yaliyopo, ya juu ya shokapu na ya vikanyagio vya abiria, akaweka bolti ndefu zaidi na, kati ya chuma na chuma, washa alizokata kwenye tairi kuukuu. Taa ya nyuma, indiketa na namba vilibaki wazi. Kila mguu ukapata pini yake ya kuuzuia, iliyofungwa kwa mnyororo mfupi isipotee.

Yale mawe yakarudi kwenye kreti. Kijana akapanda, akashuka barabara ya vumbi kuelekea Buzuruga, akarudi. Fundi hakumuuliza chochote. Alishika usukani, akautikisa, akainama kuangalia mpira wa maji, akapitisha kidole kwenye kila kiungo. Kisha akamwambia ampe malipo yaliyobaki akirudi wiki ijayo kukaza bolti, kwa sababu rangi mpya chini ya washa hubonyea na bolti hulegea kidogo.

Wiki iliyofuata kijana alirudi, harufu ya samaki imeshalowea kwenye bati. Bolti mbili kati ya zote zilikubali robo mzunguko. Kwenye sanduku, karibu na kishikio cha chini, rangi ilikuwa imechubuka alama ndogo ya mwezi mwandamo, ishara kwamba bati na bomba vinagusana pikipiki ikiruka mashimo. Fundi alikata kipande kingine cha tyubu, akakipenyeza hapo, akakaza, akaligonga sanduku mara mbili kwa kifundo cha kidole ili asikie kama bado linalia.

“Sasa leta hela yangu,” akasema, na kijana akatoa noti kutoka kwenye sanduku, zikiwa kavu.